Kumbukumbu za viumbe wa bahari zinapogoma: dalili, chanzo na tiba

Anayeniletea tatizo huja na kompyuta mkononi. Anafungua ramani au jedwali, ananyooshea kidole doa moja, anasema programu imeharibika. Mara chache sana ni programu. Doa lile lilizaliwa ufukweni, katika saa ya kwanza baada ya kutoka majini: vidole vimekunjamana, njaa inauma, na nahodha anahimiza watu wapande kabla maji hayajapwa zaidi. Ndiyo maana karibu kila dalili iliyo hapa chini itakurudisha kwanza kwenye karatasi ya shambani, kisha ndipo ushike kibodi.

Sharti ni moja. Nakala ya asili haisahihishwi. Kwenye karatasi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, halafu jipya linaandikwa pembeni pamoja na herufi za jina lako na tarehe. Kwenye kompyuta, faili ghafi linafungwa lisihaririwe, na kila rekebisho linafanywa kwenye nakala, likiwa na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa na sababu yake. Tiba nyingi hapa hazifanyi kazi kama sharti hili limeshavunjwa.

## Pointi zimepanda nchi kavu, au zimeelea bahari ambayo hukwenda

Hili huripotiwa kuliko yote. Usiifute pointi kwa aibu. Ipime kwanza iko mbali kiasi gani na upande gani na mahali ulipokuwa kweli. Umbali na mwelekeo hukutajia chanzo.

Chanzo cha kwanza, kwa mbali, ni dakika kusomwa kama desimali ya nyuzi. Kifaa kinaonyesha 5°39.5′, mwandishi anaandika 5.395. Thamani sahihi hupatikana kwa kugawa 39.5 kwa 60, yaani 5.6583. Tofauti hiyo ni kama kilomita 29, inatosha kuibeba miamba ya matumbawe na kuitua shambani kwa mtu. Kuna namna rahisi ya kulitambua kosa hili bila ramani: tazama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta katika safu nzima. Kama kati ya rekodi mia kadhaa za maeneo mbalimbali hakuna hata moja inayovuka 59, hizo ni dakika zilizovaa nguo za desimali. Kabla ya kugeuza safu yote kwa fomula moja, hakikisha si watu wawili walioandika kwa mitindo miwili, maana hapo utatibu wagonjwa na wazima pamoja.

Chanzo cha pili ni alama ya kutoa iliyosahaulika. Kusini mwa Ikweta latitudo ni hasi, na magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi. Pointi zikionekana kama taswira ya kiooni ng'ambo ya Ikweta, umeshapata jibu. Cha tatu ni latitudo na longitudo kubadilishana safu. Namba yoyote inayozidi 90 kwenye safu ya latitudo inatosha kuwa ushahidi.

Pointi zikirundikana kwenye Ghuba ya Guinea, pale Ikweta inapokatana na meridiani ya sifuri, hakuna aliyezamia huko. Ni seli tupu ambazo programu imezijaza sifuri. Ziondolee sifuri, zirudishe kuwa tupu, kisha tafuta karatasi.

Ugumu unaanza pale pointi zote zinapohama pamoja, upande uleule, kwa makumi au mamia ya mita. Hapo shuku mfumo wa marejeo, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho namba za mahali hupimwa juu yake. Vifaa vya GPS kwa kawaida hutumia WGS84, lakini ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mifumo ya nchi au ya eneo. Angalia mpangilio wa kifaa, angalia maandishi ya pembeni mwa ramani. Mwisho kabisa kuna kosa lisilo kosa: pointi ni ya boti, na mzamiaji alikuwa mita arobaini kutoka hapo. Hiyo usiisahihishe. Ongeza safu ya kiasi cha shaka katika mita na uandike ukweli.

Kuhusu ukataji wa tarakimu: desimali nne zina maana ya takriban mita 11, desimali mbili ni zaidi ya kilomita moja. Mtu akishakata hadi mbili, faili halina tiba. Rudi kwenye kumbukumbu ya kifaa chenyewe au kwenye karatasi.

Simama hapa ikiwa pointi zitatumika kuchora mpaka wa hifadhi au kuonya vyombo juu ya mwamba. Kazi ya kugeuza mifumo ya ramani za zamani mpe mpima ardhi au mpima bahari aliyesomea.

## Saa haziendani na maji

Dalili ya kawaida: rekodi inasema watu walikuwa wakihesabu kombe kwenye tambarare saa sita mchana, na jedwali la maji linasema saa hiyo maji yalikuwa yamejaa kabisa. Bahari haidanganyi katika hili, kwa hiyo jedwali la kupwa na kujaa ndicho chombo chako cha kwanza cha ukaguzi. Hakuna anayepima tambarare ikiwa chini ya mita mbili za maji.

Anza na kanda za saa. Kifaa cha GPS huweza kuhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, huku mwandishi akiandika saa ya ukutani. Tofauti ikiwa ya saa kamili na haibadilikibadiliki, sababu ndiyo hiyo. Katika nchi zinazosogeza saa kwa majira, tofauti hurukia saa nyingine katikati ya mwaka. Kwa waandishi wa Kiswahili pana mtego wetu wenyewe: saa tatu asubuhi ya mdomo ikaandikwa 3:00 kwenye fomu inayotaka 09:00. Kosa la saa sita kamili, kila mara. Likikukuta, kubalianeni kwamba fomuni huandikwa saa 24 tu, mdomoni kila mtu aendelee na saa zake.

Halafu kuna saa ya kamera, ambayo aghalabu haikuwekwa sawa tangu betri ilipotolewa. Tiba ni ya sekunde kumi: kabla ya kuzama, piga picha ya skrini ya GPS ikionyesha saa. Picha hiyo moja itakuwezesha kusogeza muda wa picha zote za siku hiyo baadaye, hata baada ya miaka.

Tarehe nazo zina yao. Safu ikijaa namba za tarakimu tano kama 45292, hiyo ni Excel inayohesabu siku. 45292 ni tarehe 1 Januari 2024. Tarehe zote zikiwa zimeruka miaka minne na siku moja, faili limepita kati ya mfumo wa kuhesabu siku tangu 1900 na ule wa tangu 1904, na tofauti yake ni siku 1,462 daima. Rekodi zikirudi nyuma karibu miaka ishirini ghafla, kifaa ni cha zamani na hesabu yake ya wiki imejizungusha. GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya, kama ilivyofanya tarehe 6 Aprili 2019. Ongeza siku 7,168. Tofauti ya 7/3 na 3/7 ndiyo pekee isiyoweza kutibiwa kwa hesabu. Tumia mwaka-mwezi-siku, 2024-03-07, na umalize ubishi.

Kaguo jingine la haraka: tazama safu ya madaraja ya ukubwa. Kama 15-20 imebaki ilivyo lakini 5-10 imekuwa tarehe ya mwezi wa kumi au wa tano, programu imejifanya mjuzi. Fungua upya faili ghafi na uitangaze safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuingiza data.

## Spishi moja imetoweka, nyingine imezuka mwaka uleule

Kabla ya kumpigia mtu simu kwamba bahari imebadilika, panga orodha ya majina kwa alfabeti. Mara nyingi utakuta *Siganus sutor* yuko mara tatu: safi, mwenye nafasi tupu mwishoni, na mwenye herufi iliyoruka. Hao ni samaki mmoja.

La pili ni majina ya wavuvi. Tasi, tafi, chafi: samaki ni wale wale, pwani ni tofauti. Na kinyume chake, "changu" moja ya mdomoni hubeba spishi kadhaa. Jina la mvuvi lina thamani kubwa na libaki kwenye safu yake, lakini lisitafsiriwe kuwa jina la kisayansi na mtu aliyeketi ofisini ambaye hakumwona samaki.

La tatu ni wataalamu wenyewe kubadilisha majina. Chaza wa Pasifiki aliyeandikwa *Crassostrea gigas* kwa miaka mingi sasa anakubalika zaidi kama *Magallana gigas*. Mwaka mmoja wa jina jipya unatosha kukuchorea mchoro wa maangamizi ambayo hayakutokea. Pitisha orodha yako kwenye WoRMS, rejista ya dunia ya majina ya viumbe wa bahari, chukua namba yake ya utambulisho iitwayo AphiaID, iweke kwenye safu mpya. Jina lililoandikwa siku ya kwanza usiliguse.

La nne linauma kulisema: mhesabuji amebadilika. Linganisha mabadiliko ya orodha na tarehe ambazo watu waliingia na kutoka kwenye timu. Vikioana, wazamishe wawili pamoja kwenye mstari mmoja wa kuhesabia, kila mtu na ubao wake wa kuandikia majini, na mlinganishe jioni. Bila ugomvi.

Mabadiliko ya kweli baharini yanakuja namba tano, baada ya hayo yote kukaguliwa.

Simama hapa kwa sponji na majongoo bahari. Wengi wao hawatambuliki kwa picha. Sponji hutambuliwa kwa vijiti vidogo vya ndani ya mwili na jongoo kwa vipande vya chokaa vilivyo kwenye ngozi, vyote chini ya hadubini. Andika jenasi na uishie hapo. Na ukidhani umekutana na kiumbe mgeni mvamizi, mtaalamu wa kundi hilo aone kielelezo kabla ya tangazo lolote.

## Idadi zinapanda na kushuka bila mantiki

Uliza kwanza kama sifuri na tupu ni kitu kimoja kwenye faili lako. Sifuri ni habari: tulitafuta, hatukuona. Tupu ni kimya: labda hatukutafuta, labda mvua ilifuta. Mtu akijaza tupu zote sifuri, wastani unashuka. Akifuta sifuri zote, unapanda. Ukikuta fomu yenye vistari virefu kwenye nafasi za idadi, muulize aliyeandika kistari kwake kilikuwa na maana gani, na uandike jibu lake. Katika Darwin Core, muundo wa kupanga rekodi za viumbe unaotumiwa na OBIS, hazina ya kimataifa ya data za viumbe wa bahari, kutokuwepo kwa kiumbe kuna sehemu yake maalumu, kwa sababu hiyohiyo.

Pili, eneo. Fremu ya nusu mita kwa nusu mita ni robo ya mita ya mraba, wala si nusu. Nimeona mfululizo mzima wa nyasi bahari ukiwa nusu ya ukweli kwa kosa hilo. Angalia pia kama mstari wa mita 50 uliwahi kukatizwa kwenye mita 35 kwa sababu ya hewa au mkondo, na kama kuna aliyeandika.

Tatu, ukubwa wa samaki. Kupitia kioo bapa cha miwani, kitu majini huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja. Mgeni asiyefunzwa ataandika sentimita 40 kwa samaki wa 30. Mpe vipande vya bomba vya urefu unaojulikana avikadirie majini kabla ya siku ya kazi.

Nne, mbinu yenyewe imebadilika kimyakimya: kasi ya kuogelea, upana wa mstari, bamvua badala ya maji mafu. Kifaa cha Continuous Plankton Recorder, kinachonasa viumbe wadogo wanaoelea majini, kimekuwa kikikokotwa nyuma ya meli tangu 1931, na watu wake wamekuwa wagumu mno kubadilisha chochote. Ugumu huo ndio unaofanya mwaka wa zamani ulinganishwe na wa sasa. Mkilazimika kubadilisha, fanyeni mbinu zote mbili sambamba kwa muda, na muipe mpya jina lake.

Hapa nikiri langu. Niliwahi kusugua ubao wangu wa majini kwa mchanga, nikijiamini kwamba umeshapigwa picha. Picha ilikuwepo. Juu ya namba tatu palikuwa na mng'ao wa jua, mweupe pe, na mpaka leo rekodi hizo tatu ziko tupu. Siku hizi ubao haufutwi mpaka mtu wa pili asome picha kwa sauti.

## Chupa za sampuli: lebo imefutika, kiumbe ameyeyuka

Spiriti ikiwa na rangi ya samawati hafifu na lebo ikiwa nyeupe, wino umehamia kwenye kimiminika. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na herufi za printa ya leza huweza kubanduka moja moja na kutua chini ya chupa kama pilipili manga. Kinga ni penseli kwenye karatasi imara isiyoharibiwa na maji, ikae *ndani* ya chupa. Ya nje ni nyongeza tu. Kama umeshachelewa, usimwage kimiminika: toa lebo taratibu, iweke bapa, ipige picha kwa mwanga wa ubavuni. Shinikizo la kalamu huacha mfereji unaosomeka.

Magamba na vipande vya chokaa vikilainika au kupotea, formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, imegeuka kuwa na asidi. Pima kwa karatasi ya pH. Kinga ni kuitia boraksi, chumvi inayopunguza asidi, tangu mwanzo; kilichokwisha kuyeyuka hakirudi. Nyama ikioza, aidha dawa ilikuwa hafifu au chupa ilijazwa mno. Kiumbe asizidi theluthi ya ujazo, na samaki mkubwa apasuliwe tumbo ili dawa iingie.

Uhafifu una chanzo kimoja kinachojirudia. Formalini kali ina formaldehidi ya takriban asilimia 37 hadi 40. Sehemu moja yake kwa tisa za maji ya bahari huitwa formalini ya asilimia 10, lakini formaldehidi iliyomo ni kama asilimia 4. Mtu akisoma "asilimia 4" mahali na kuchukulia ni formalini, atachanganya dawa dhaifu kupita kiasi.

Maabara ikisema haipati DNA, uliza kama sampuli ilipita kwenye formalini, kwani huiharibu. Kipande cha nyama kwa ajili ya DNA hukatwa kabla, kikaingia kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na ethanoli hiyo ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Kwa maumbile peke yake, asilimia 70 hutosha. Rangi hupotea kwa hali yoyote, kwa hiyo picha kwanza.

Simama hapa: formalini imeorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Fanyia kazi kwenye hewa, na glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 angalau, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Chupa kubwa ikipasuka chumbani, toka, funga mlango, ita wenye mafunzo. Usimwage kwenye sinki.

## Karatasi zimelowa au zina ukungu

Zipige picha zikiwa bado mbichi, kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni penseli na maji yalikuwa ya chumvi, zitumbukize kidogo kwenye maji baridi safi ili chumvi itoke, kisha zitandaze kati ya karatasi zinazofyonza, kwenye feni badala ya jua. Nyingi mno kukaushwa ndani ya siku mbili? Zitie kwenye mifuko na uzigandishe. Barafu inasimamisha ukungu na inakupa wiki za kufikiri. Kurasa zenye mng'ao zilizogandana usizivute. Zigandishe hivyohivyo na umwite mhifadhi wa nyaraka. Yeye pia ndiye wa kuitwa ukungu ukishasambaa kwenye majalada mengi.

## Kadi inasema haina kitu, diski inagonga

Kadi tupu mara nyingi si tupu. Orodha ya mafaili ndiyo iliyovurugika, kwa kawaida kwa sababu ilichomolewa kamera ikiwa bado inaandika. Acha kupiga picha papo hapo, sogeza kitufe cha kuzuia kuandika, jaribu kisomaji kingine. Kompyuta ikikuomba ruhusa ya kuifomati, kataa. Tengeneza nakala ya kadi nzima kwanza, kisha programu ya kuokoa mafaili ifanye kazi kwenye nakala hiyo, matokeo yakienda diski tofauti. Kadi iliyozama pamoja na kamera isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke kabisa, ndipo ijaribiwe.

Simama hapa ukisikia diski inagonga au kukwaruza. Izime. Kila dakika inayozunguka inajikwangua zaidi, na kuiwasha "mara moja tu nione" ndiko kunakomkatisha tamaa fundi wa kuokoa data. Mpelekee ikiwa imezimwa.

Kwa mafaili yaliyo bado mazima: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Na mara moja kwa mwaka fungua nakala hiyo ya mbali uone kama inafunguka.

## Faili linafunguka, lakini hakuna anayelielewa

Safu zinaitwa X2, UP_B na "mpya2". Namba zimo, nadhifu kabisa. Chanzo ni kwamba maelezo ya safu yalikuwa kichwani mwa mtu, na mtu huyo amehama. Tafuta fomu tupu ya shambani ya miaka hiyo, ambayo mara nyingi ina vichwa kamili. Ukikosa, linganisha safu isiyojulikana na chache zinazojulikana: isiyovuka 100 huenda ni asilimia ya kufunikwa, inayopanda na kushuka pamoja na kina huenda ni joto au mwanga. Haya ni makisio, na yaandikwe kuwa makisio.

Majina yenye Ã© mahali pa é ni jambo dogo: faili lilisomwa kwa usimbaji, yaani utaratibu wa kuhifadhi herufi, usio wake. Lifungue upya kama UTF-8.

Lakini kwa X2, kabla ya makisio yote, kuna aliyeandika jedwali. Pengine amestaafu, pengine anafanya kazi nyingine kabisa, na bado anakumbuka. Mpigie leo, umsomee safu moja moja, na uandike majibu yake kwenye faili la maandishi linalokaa folda ileile na data.